Kutoka Ziwa la Mama Mpaka Kopo: Yaliyowapata Watoto wa Uganda

Ndugu msomaji, mazungumzo juu ya chakula cha mtoto mchanga aghalabu huanza na orodha: mpe hiki, usimpe kile, anza mwezi huu, acha mwezi ule. Orodha hizo zina faida yake na kliniki zinazo. Leo tumeona ni bora tueleze zilikotoka, kwa sababu mengi anayoambiwa mama siku hizi yalijulikana kwa gharama ya roho za watoto, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana hapa jirani, kwenye kilima cha Mulago, Kampala.

Habari yenyewe lakini inaanzia Afrika Magharibi. Daktari Cicely Williams alizaliwa Jamaica mwaka 1893, akasomea udaktari Oxford, na mwaka 1929 serikali ya kikoloni ya Uingereza ikampeleka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Huko aliona watoto wadogo, wengi wao waliokwisha kuachishwa ziwa, wamevimba miguu na uso, nywele zimepoteza weusi wake na kuwa nyekundu-nyekundu, ngozi inabambuka kama iliyoungua moto. Mtoto mwenyewe hachezi, hataki chakula, amenuna tu. Wengi walikufa. Mwaka 1933 aliandika katika jarida la madaktari kwamba huu ni ugonjwa wa lishe, unaofuatana na chakula cha mahindi matupu. Mabingwa wa London wakambishia, wakasema ni pelagra, ugonjwa ambao wao walikuwa wanaujua. Yeye hakukubali. Mwaka 1935 aliandika tena, na mara hii akatumia jina la wenyeji wenyewe katika lugha ya Ga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake pale mdogo wake anapokuja. Sisi tunauita kwashiakoo au unyafuzi.

Tulitafakari kidogo jina hilo. Wanawake wa Ga hawakuwa na maabara, wala hawakujua protini ni nini, lakini walikuwa wameshaona jambo ambalo mabingwa hawakuliona: kwamba ugonjwa huu una wakati wake, na wakati wenyewe ni pale mtoto anapotolewa ziwani.

Buganda nako walikuwa na jina lao, obwosi. Waganda walisema mtoto anayenyonya huugua kwa sababu mama yake amebeba mimba nyingine, na dawa ya kwanza ni kumtoa ziwani upesi. Mara nyingi mtoto alipelekwa kabisa kwa bibi yake au jamaa mwingine ili alisahau ziwa. Wasomaji wetu wa Tanzania watatambua hapa jambo wanalolijua, maana kwao kuna neno kubemenda: mtoto akidhoofika huambiwa amebemendwa, yaani wazazi wake wamekutana au mama ameshika mimba kabla ya wakati. Ni mama wangapi wamebeba lawama hii mbele ya mawifi na majirani, ilhali mtoto alikuwa ana njaa tu!

Jambo hili si geni katika vitabu vyetu. Waarabu wa zamani nao waliogopa ghiyla, yaani mke anayenyonyesha kukutana na mumewe au kushika mimba. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alitaka kuikataza, kisha akaangalia Warumi na Wafursi, akaona wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Na Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 233, imeweka miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na ikaeleza kuwa kumwachisha mtoto kabla ya hapo kuwe kwa kuridhiana na kushauriana baina ya wazazi wawili. Neno hilo la kushauriana lina uzito wake. Kumwachisha mtoto ghafla kwa hofu, akapelekwa mbali na mama yake siku hiyo hiyo, si kushauriana.

Sasa, mtoto wa Buganda akishatolewa ziwani alikula nini? Alikula matoke. Matoke ni chakula kizuri na hakuna anayekidharau, lakini ni wanga na maji kwa wingi, na protini yake ni kidogo mno. Mtu mzima huila pamoja na maharage, samaki, nyama au mchuzi wa njugu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana tumbo dogo. Hushiba kabla hajapata anachohitaji, na mchuzi wenyewe kwa desturi ulikuwa wa wakubwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa familia za vibarua waliokuja kutoka Ruanda-Urundi kulima pamba na kahawa za wengine, maana wao hawakuwa na shamba la kutegemea wala bibi wa karibu.

Daktari Hugh Trowell alifika Mulago mwaka 1935 baada ya kufanya kazi Kenya. Kwa miaka mingi alihangaika na ugonjwa huu, akiona watoto wanakufa mikononi mwake bila ya kujua awape nini. Mwaka 1954 yeye na wenzake, J.N.P. Davies na R.F.A. Dean, walitoa kitabu kizima juu ya kwashiakoo. Dean alikuwa amewahi kushughulika na watoto wa Ujerumani wenye njaa baada ya vita, akichunguza protini za mimea. Mulago akaongoza kituo cha utafiti cha Waingereza juu ya utapiamlo wa watoto, na hapo ndipo tiba ikapatikana: maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, yakachanganywa na mafuta na sukari, mtoto akanyweshwa kidogo kidogo mchana na usiku. Watoto waliokuwa wamekata tamaa ya kuishi wakaanza kucheka. Uvimbe ukashuka. Maziwa hayo ya unga yalikuwa mengi duniani wakati ule, kwa kuwa Marekani ilikuwa na ziada, na UNICEF iliyagawa katika nchi nyingi.

Hapa ndipo panapohitaji kusomwa kwa makini, kwani ndipo kheri ilipoingiliwa na shari bila ya mtu kukusudia.

Mjiweke katika nafasi ya mama wa kijijini. Mtoto wako amevimba, nywele zimebadilika, waganga wameshindwa. Unampeleka Mulago, na huko dawa anayopewa ni maziwa ya unga. Anapona. Ukirudi nyumbani utawaambia nini jirani zako? Utawaambia kuwa maziwa ya kopo ni dawa ya Wazungu inayofufua watoto. Na duka la mjini lina makopo yanayofanana na yale ya hospitali, yana picha ya mtoto mnono, na pembeni zinauzwa chupa zenye chuchu za mpira. Hospitali haikumwambia mama aache kunyonyesha. Lakini ilimfundisha kwa vitendo kwamba maziwa yenye nguvu ni yale ya unga, na somo la vitendo lina nguvu kuliko la maneno.

Matokeo yake yalionekana Kampala katika miaka iliyofuata. Mbali na watoto waliovimba, sasa walikuja wachanga waliokondeana wakabaki mifupa na ngozi, wanaharisha, na mama ameshika chupa. Sababu si siri. Kopo ni ghali, hivyo maziwa huzimuliwa ili yafike mwisho wa wiki, mpaka yanakuwa maji meupe. Maji yenyewe hayajachemshwa kwa sababu kuni ni za kununua. Chupa ina kona ambazo vidole havifiki, na inzi wapo. Kisha mtoto anapozoea chupa hupunguza kunyonya, na ziwa lisilonyonywa hukauka. Kwa hiyo hata mama akijuta, njia ya kurudi ni ngumu.

Cicely Williams alikuwa ameshayaona haya mapema. Mwaka 1936 alihamishiwa Malaya, na huko aliwakuta wanawake waliovaa kama wauguzi wakitumwa na makampuni kuwashawishi mama wazazi watumie maziwa mazito ya kopo yenye sukari, ambayo hata hayafai kumlea mtoto mchanga. Mwaka 1939 alialikwa kuzungumza mbele ya Klabu ya Rotary ya Singapore, mbele ya wafanyabiashara wenyewe, na hotuba yake akaipa jina la Maziwa na Mauaji. Aliwaambia waziwazi kwamba vifo vinavyotokana na propaganda hiyo vihesabiwe kuwa ni mauaji. Baadaye Wajapani walipoiteka Singapore alifungwa, akateseka, akatoka hai. Mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 98.

Turudi Mulago. Mwaka 1959 alifika Makerere Profesa Derrick Jelliffe kufundisha tiba ya watoto. Yeye na wenzake, akiwemo Daktari Paget Stanfield, walitazama wodi na kuona jambo la kuvunja moyo: mtoto anatibiwa, anarudi nyumbani, na baada ya miezi michache analetwa tena yeye au mdogo wake. Dawa ilikuwa inatibu mwili na kuacha jiko kama lilivyo. Basi mwaka 1965 kikafunguliwa kituo pembeni ya hospitali, nacho kikaitwa Mwanamugimu. Jina linatokana na methali ya Kiganda, omwana omugimu ava ku ngozi, yaani mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. (Ngozi ya Kiganda ni mbeleko, kwa Kiswahili neno hilo limebaki na maana ya ngozi tu.) Wenyewe hueleza kuwa makusudio ni malezi ya mama na afya yake.

Kituo hiki hakikufanana na wodi. Mama alikaa na mtoto wake majuma kadhaa, akapika mwenyewe, kwa vyungu na mafiga kama ya kwake, kwa vyakula vinavyopatikana sokoni na shambani. Chakula chenyewe waliita kitobero, maana yake mchanganyiko. Unachukua ndizi za matoke zilizomenywa au viazi, unatia maharage yaliyolowekwa na kuambuliwa maganda, au njugu karanga zilizotwangwa, au dagaa wa ziwani waliosagwa, ukipata yai au maziwa unaongeza, na mboga za majani. Unafunga katika jani la mgomba, unaliweka fungu hilo ndani ya chungu kile kile kinachopikiwa matoke ya nyumba nzima, juu ya mvuke huo huo. Kikiiva unafungua, unaponda kwa mwiko, unamlisha. Hakuna chungu cha pili, hakuna kuni za ziada, hakuna kopo. Ukifikiri sana utaona ni uvumbuzi mkubwa kuliko mashine nyingi, na uvumbuzi wenyewe ni wa nusu kwa nusu, kwa kuwa kufunga chakula katika jani la mgomba na kukipika kwa mvuke Waganda walikujua tangu na tangu. Madaktari walichofanya ni kusema: mtoto naye awe na fungu lake.

Tena mtoto aliyepona ndiye aliyekuwa ushahidi. Mama alimwona anapona kwa chakula alichokipika kwa mkono wake, mbele ya macho yake. Hakurudi kijijini kusimulia kopo. Alirudi kusimulia maharage. Kazi hiyo ikapelekwa pia nje ya mji, huko Luteete, ili isibaki kuwa ya wakazi wa Kampala tu. Walimu wake wengi walikuwa Waganda wenyewe, na hilo lilisaidia, maana baada ya mwaka 1971 Uganda iliingia katika machafuko ya Idi Amin na wataalamu wa kigeni wakaondoka karibu wote. Mwanamugimu haikufa. Jina hilo lipo Mulago hadi leo, na kitobero kinaendelea kufundishwa kliniki.

Jelliffe aliondoka Uganda, lakini aliyoyaona hapo hayakumtoka. Mwaka 1972 aliandika makala akiuliza kama kuna utapiamlo unaoletwa na biashara yenyewe. Mambo yakafuatana upesi. Mwaka 1974 shirika la Kiingereza, War on Want, lilitoa kijitabu cha mwandishi Mike Muller juu ya maziwa ya kopo katika nchi maskini. Kundi la vijana wa Uswisi likakifasiri kwa Kijerumani na kukipa kichwa kinachosema kuwa Nestlé inaua watoto. Kampuni ikawashitaki. Mwaka 1976 hakimu wa Bern aliwatoza faini ya faranga 300 kila mmoja kwa sababu ya kichwa hicho, lakini hapo hapo akaiambia kampuni kuwa inapaswa kuyatazama upya matangazo yake. Kampuni ilishinda kesi, na dunia nzima ikasikia habari ambayo kabla yake waliijua wachache.

Mwaka 1977 Wamarekani walianza kususia bidhaa za Nestlé, na mgomo ukaenea Ulaya. Mwaka huo huo Papua New Guinea ikatunga sheria kwamba chupa ya kunyonyeshea haiuzwi bila ya karatasi ya mhudumu wa afya. Hatimaye, mwezi Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga kura, na moja tu ilikataa, nayo ni Marekani. Kanuni hazikukataza kopo kuuzwa. Zilikataza kulitangaza kwa umma, kugawa sampuli za bure kwa mama wazazi, kuwatumia wauzaji waliojivika sura ya wauguzi, na kuweka picha za watoto wanono kwenye makopo ya maziwa hayo.

Haifai kusema kwamba kopo halina mahali pake. Yatima wa siku moja asiye na wa kumnyonyesha, mama mgonjwa sana, hawa wanahitaji msaada, na Uislamu tangu mwanzo umeruhusu mtoto anyonyeshwe na mama mwingine. Mtume wetu mwenyewe alilelewa na Bibi Halima wa Bani Saad. (Anayefanya hivyo leo asisahau hukumu za udugu wa kunyonya, na aulize pia hali ya afya ya mnyonyeshaji.) Ugumu mkubwa ulikuja pamoja na UKIMWI, ilipojulikana kuwa virusi hupita katika maziwa ya mama. Wengi walidhani jibu ni rahisi: kopo. Botswana, nchi yenye uwezo kuliko nyingi za Afrika, iliwapa maziwa ya kopo bure mama wenye virusi. Mwanzoni mwa mwaka 2006 baada ya mvua kubwa kulizuka maradhi ya kuhara, maji ya bomba yakachafuka, na watoto wengi wakafa. Uchunguzi ulionyesha kuwa waliokuwa hawanyonyi ndio walioathirika zaidi. Waliokolewa na virusi, wakauawa na maji. Tangu mwaka 2010 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba, pale ambapo nchi imechagua njia hiyo, mama mwenye virusi atumie dawa zake na anyonyeshe. Na kwa watoto wote, tangu mwaka 2001, ushauri ni ziwa la mama tupu kwa miezi sita, bila ya maji wala uji, kisha chakula cha nyongeza pamoja na ziwa mpaka miaka miwili au zaidi. Miaka miwili hiyo, ndugu msomaji, sisi tuliijua.

Kwashiakoo yenyewe bado ina fumbo. Siku hizi wataalamu hawaridhiki na jibu la protini peke yake. Mwaka 2013 utafiti wa watoto pacha Malawi, ambao pacha mmoja aliugua na mwenziwe hakuugua ingawa wanakula chungu kimoja, ulionyesha kuwa vijidudu vya tumboni navyo vina mchango. Na chakula cha tiba kinachotumika sasa katika nchi nyingi, kile cha pakiti kilichobuniwa na Wafaransa mwaka 1996, msingi wake ni njugu karanga, pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Bibi wa Luteete angeitambua ladha ya karanga.

Mgogoro wa makopo nao haujakwisha, umehamia kwenye uji. Mwezi Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na IBFAN walitoa ripoti kwamba uji wa watoto wa Cerelac unaouzwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia ulitiwa sukari, ilhali aina kuu za uji huo huo zinazouzwa Uswisi na Ulaya hazikutiwa. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza sukari. Katika hilo la sheria haikusema uongo, kwa kuwa viwango vya kimataifa vya vyakula vya watoto vya nafaka vinaruhusu sukari kwa kiasi. Uganda ilikuwa na kanuni zake za vyakula vya watoto tangu 1997, Kenya ilitunga sheria mwaka 2012, na zote mbili zilishughulika zaidi na namna ya kuuza kuliko kilichomo ndani ya kopo. Kilichomo kimeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo, na sukari ikiwa imo huandikwa humo.